Balderdash au kamusi ya Kiswahili: kipi kinafaa kwa mchezo wa kutunga maana za uongo

Balderdash ni mchezo mzuri, ila sanduku lake halikutengenezwa kwa ajili ya watu wanaotaniana kwa Kiswahili. Anayetaka kuununua alijue hilo kabla hajatoa hela. Kiini cha mchezo kinachezeka, tena vizuri zaidi, kwa kamusi moja nene ya Kiswahili, karatasi na kalamu. Lakini si kila kamusi inafaa, na si kila neno gumu ndani ya kamusi linafaa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mtu mmoja anataja neno ambalo wenzake hawalijui. Kila mmoja anaandika maana ya kubuni na kuipamba ifanane na ya kamusi. Mwenye neno anakusanya karatasi, anachanganya na maana ya kweli, kisha anazisoma zote kwa sauti moja. Hapo watu wanapiga kura: ipi ni ya kweli? Unapata alama ukiukuta ukweli, na unapata alama kwa kila mwenzako aliyeingia mkenge kwa uongo wako. Waingereza na Wamarekani waliucheza sebuleni kwa kamusi tu kwa miaka mingi. Mwaka 1965 BBC ilianza kipindi cha televisheni cha Call My Bluff, timu mbili za watu watatu watatu, kila neno likipewa maana tatu na moja tu ikiwa ya kweli. Mwaka 1984 Laura Robinson na Paul Toyne wa Kanada wakautia mchezo huo kwenye sanduku na kuuita Balderdash. Siku hizi unatengenezwa na Mattel.

Ndani ya sanduku utakuta ubao, kete za kusogeza, dadu, kadi nyingi na karatasi za kuandikia majibu. Matoleo ya kwanza yalikuwa na maneno matupu. Matoleo ya baadaye yana mafungu matano kwenye kila kadi: maneno ya ajabu, watu wasiojulikana ambao inabidi useme walifanya nini, vifupisho vya majina ya taasisi, majina ya filamu ambazo inabidi ubuni hadithi yake, na sheria za vituko ambazo unamalizia sentensi. Dadu ndiyo inayoamua fungu.

Kwa mchezaji wa Kiswahili mafungu hayo hayana uzito sawa. Sheria za vituko ndizo zinazovuka lugha kwa urahisi. Mshika kadi anaitafsiri sentensi, wengine wanaimalizia kwa Kiswahili, na kicheko kinapatikana. Watu wasiojulikana pia wanachezeka, maana kumbuni mtu na kazi yake hakuhitaji Kiingereza kingi. Filamu zinachosha upesi, kwa sababu kutunga hadithi ya sinema nzima kwa sentensi mbili ni kazi ndefu na kura zinakwenda kwa aliyeandika kwa unadhifu tu. Vifupisho ndivyo vinavyoanguka kabisa. Vinategemea taasisi za huko na mpangilio wa maneno ya Kiingereza, na aliyesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea anawaacha mbali wenzake.

Maneno ndiyo roho ya mchezo, na hapo ndipo sanduku linapotufunga mikono. Ili uongo uuzike, lazima uandikwe kwa sauti ya kamusi. Mtu anayekijua Kiingereza cha kazini na cha habari hawezi kwa urahisi kuiga sauti ya kamusi ya Kiingereza. Karatasi yake inajulikana kabla haijafika nusu. Mshika kadi naye akitafsiri maana ya kweli papo kwa papo, tafsiri inajitangaza yenyewe, kwa kuwa ndiyo pekee yenye Kiswahili cha kusitasita. Kwa hiyo hukumu yangu juu ya sanduku ni hii: lifae kundi linaloishi Toronto au London na linalocheka kwa Kiingereza. Kwa wanaotaniana barazani kwa Kiswahili, okoa hela yako na utoe kamusi kabatini.

Kamusi ipi? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyokuwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981 na kurudiwa 2004 na 2013, ndiyo bora kuliko zote kwa mchezo huu. Maana zake ni fupi, nyingi hazizidi mstari mmoja au miwili, na lugha yake ina mwendo mmoja ambao mtu anaweza kuuiga baada ya kusikia mifano mitatu. Kila nomino ina ngeli yake, jambo ambalo tutaona lina kazi. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ya 2015 ni pana na ya kisasa zaidi, na inafaa pia, ila mshika kamusi aachane na sentensi za mifano na asome maana peke yake. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la 2010 lina hazina ya maneno ya Zanzibar na ni zuri sana kwa kundi la bara; kwa kundi la Unguja na Pemba linapoteza makali, kwa sababu ambayo nayo ni dhahiri.

Ziepuke kamusi za lugha mbili. Ile ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 iliyohaririwa na Frederick Johnson, na ile ya Kiswahili na Kifaransa ya Charles Sacleux iliyotoka Paris mwaka huohuo, zimejaa maneno ya zamani ya kupendeza. Lakini kila maana lazima itafsiriwe kwanza, na tafsiri, kama ilivyokwisha kusemwa, inamuumbua mshika kamusi. Zitumie nyumbani kutafutia maneno, kisha thibitisha neno kwenye kamusi ya TUKI au BAKITA na uchukue maana ya huko. Kamusi ndogo za shule nazo ziache: maneno yake karibu yote yanajulikana.

Sasa kuchagua neno, kazi ambayo wengi huifanya ovyo ndipo mchezo unapooza. Kiswahili kina tabia ya kujieleza chenyewe. Neno likiwa na kitenzi tumboni mwake, kama mwoshaji au kifunguzi, maana inavuja kupitia viambishi. Tafuta maneno ambayo mzizi wake hauonekani. Mengi ya namna hiyo yalitoka Kiarabu, Kiajemi, Kihindi au Kireno, au ni ya kazi na zana za zamani. Ila mwenye Kiarabu akiwepo mezani, maneno ya Kiarabu yaweke kando, atayafungua kama mlango wake.

Kuna fungu moja la maneno ambalo lazima lipigwe marufuku: yale ambayo maana yake inaanza na "aina ya". Aina ya samaki, aina ya mti, aina ya ndege. Kamusi zetu zina maneno hayo kwa mamia, na kundi likishaliona hilo, yeyote anayesikia "aina ya samaki mwenye magamba madogo" anaipigia kura bila kufikiri, na mara nyingi anapatia. Acha pia maneno ambayo kamusi inakuelekeza tu kwenye neno jingine.

Halafu tazama uko na nani. Maneno ya chomboni ni matamu: foromali, ule mti unaoshika tanga, bildi, risasi ya kupimia kina cha maji, ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo ambako maji hukusanyika. Ukiyatoa Mbeya au Nakuru yatawasumbua watu jioni nzima. Ukiyatoa Lamu au Tumbatu umewapa alama za bure. Maneno ya jikoni kama mashendea, wali uliopikwa ukawa na maji mengi, au mwiku, chakula kilicholala, ni ya pwani na yatawanasa watu wa bara tu. Sogi, mfuko wa kusukwa unaowekwa mgongoni mwa punda kubebea mizigo, haufai kwa watu wa miji yenye punda. Nokoa, msimamizi wa chini ya msimamizi mkuu katika mashamba ya zamani, unafaa karibu kila mahali. Vivyo hivyo haluli, chumvi ya kuharisha.

Kuna pia maneno yanayojulikana kwa maana moja na kufichika kwa nyingine. Kiranja kila mtu anamjua wa darasani, lakini kamusi inamtaja pia kijana anayetangulia kutahiriwa jandoni. Neno kama hilo litolewe kwa onyo: "si ile mnayoijua". Linachezeka vizuri sana, maana watunzi wanavutwa na maana ya kwanza na kuandika uongo unaofanana nayo.

Tuone raundi moja kwa karibu. Mshika kamusi anasema: "Bambo. B-a-m-b-o. Nomino, ngeli ya li-ya, wingi mabambo." Hivi ndivyo neno linavyotajwa: tahajia, aina ya neno, ngeli. Bila ngeli, mmoja ataandika "mtu mnene anayependa kukaa", na mwenzake anayekumbuka wingi wa neno ataiondoa mara moja kwa kuwa haiendani. Ngeli ikitajwa, wote wanashindana uwanja mmoja. Hata nomino za a-wa zinanoga zaidi kwa njia hii, maana kila karatasi itakuwa ya mtu au mnyama fulani na hakuna ya kuondoa kirahisi. Baada ya dakika tatu, karatasi zinasomwa:

1. Kifuniko cha mtungi wa maji kilichofumwa kwa majani ya mwaa.
2. Gogo linalolazwa mchangani ili kuvutia ngalawa kutoka majini.
3. Kipande cha chuma chenye ncha na mfuo, kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa nafaka kidogo.
4. Ngoma nzuri sana ya asili inayopigwa na wazee wetu wakati wa mavuno.
5. Ugonjwa wa kucha za ng'ombe unaosababishwa na tope.
6. Uzito wa ziada anaopewa mnunuzi na muuzaji.

Ya kweli ni ya 3. Ni kifaa ambacho wanunuzi wa mahindi na mchele hukitumia kuonja gunia bila kulifungua, kwa hiyo usilitoe neno hili mbele ya wafanyabiashara wa soko la nafaka la Kibaigwa. Ya 4 haitapata kura hata moja: kamusi haisemi "nzuri sana" wala "wazee wetu". Ya 1 na ya 2 zitagawana kura, kwa sababu kila moja ina kitu kinachoshikika, yaani majani ya mwaa na mchanga. Ya 6 ni ya hatari zaidi kuliko inavyoonekana. Ni fupi, haina pambo, na inataja jambo ambalo kila mtu amelifanya sokoni bila kuwa na neno lake. Uongo wa namna hiyo ndio unaoshinda.

Ufundi wa kuandika uongo unaweza kufundishika. Anza kwa nomino ya jumla kama kifaa, hali, tendo, sehemu au malipo. Fuatisha kirejeshi: kinachotumiwa, inayotokea, anayepewa. Weka kitu kimoja mahususi, si viwili. Komea kwenye maneno kumi na tano. Usitaje mwaka, usitaje jina la kabila wala la mji, usitumie "sana" wala "hasa hasa". Na usijaribu kuchekesha. Raundi moja ya vichekesho huzaa nyingine, na baada ya tatu hakuna tena anayejaribu kumdanganya mwenzake.

Kuhusu alama, hesabu inayokubalika kwa wachezaji wengi ni hii: alama 2 kwa kuukuta ukweli, alama 1 kwa kila kura iliyovutwa na uongo wako, na alama 3 kwa aliyeandika maana inayokaribia ya kweli bila kujua. Karatasi ya huyo wa mwisho mshika kamusi huiweka pembeni na haisomi, maana kusoma maana mbili zinazofanana ni kuwaonyesha watu pa kupiga kura. Wakiwa wawili walioupatia ukweli, neno linatupwa na kila mmoja anachukua 3 zake. Mshika kamusi naye alipwe: kama hakuna aliyeukuta ukweli, apate 2. Katika baraza lililozoea vitendawili hapo pana utamu wake. Wote wakishindwa, mshika kamusi anasema "nipeni mji", anapewa, ndipo anapofichua. Hakuna anayeruhusiwa kujipigia kura.

Idadi nzuri ni watu watano hadi saba. Mkiwa wanne, watunzi ni watatu, na kila mmoja akiondoa ya kwake anabaki na tatu za kuchagua. Kubahatisha ni rahisi mno. Mkiwa sita, anabaki na tano, hapo ndipo pazuri. Mkifika kumi, maana kumi zinasomwa na hakuna anayekumbuka ya pili ilisemaje. Kundi kubwa ligawanywe timu za watu wawili wawili, wanaoandika karatasi moja. Kwa darasa zima au chama cha Kiswahili shuleni, fuata mtindo wa Call My Bluff: timu ya watu watatu inaandaa maana tatu mapema, inazisimulia kwa mdomo, timu ya pili inachagua. Hakuna karatasi, na wasiojua kuandika upesi hawaachwi nyuma.

Karatasi ya A4 ikikatwa vipande vinne inatosha, na kalamu ziwe za rangi moja. Mshika kamusi lazima ainakili maana ya kweli kwenye kipande kama cha wengine. Akiisoma moja kwa moja kutoka kwenye kitabu, macho yake yanamsaliti. Maana ikiwa na vipengele kadhaa, achague kimoja. Kisha avisome vipande vyote kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu raundi nyingi kuliko zote. Ukweli ameuandika mwenyewe, kwa hiyo anausoma kwa kuteleza. Za wenzake anazisoma kwa kusuasua, akikunja uso kutafuta kama hiyo ni "n" au "u". Wasikilizaji hawahitaji tena kufikiri. Dawa ni tatu: watu waandike kwa herufi zilizoachana, mshika kamusi azisome kwanza kimya, na kila maana isomwe mara mbili kwa mwendo uleule. Arekebishe pia makosa anaposoma. Mtu akiandika "kifaa inayotumika", asome "kifaa kinachotumika", na aliyechanganya "r" na "l" asiumbuliwe kwa hilo. Kosa la sarufi likitoka kama lilivyo, kila mtu anajua kuwa kamusi haikuandika hivyo. Na asipange vipande kwa hiari yake, kwa kuwa wengi huuficha ukweli katikati. Avichanganye vikiwa vimegeuzwa, kisha asome jinsi vilivyokuja.

Kura zipigwe kwa pamoja. Hesabu moja, mbili, tatu, kila mtu anaonyesha vidole kulingana na namba ya maana aliyoichagua. Zikizidi tano, mikono miwili. Mkipiga mmoja baada ya mwingine, wa mwisho atafuata umati au atamfuata mjuzi wa kundi.

Mchezo unachezeka pia kwenye WhatsApp, na kwa ndugu waliotawanyika Muscat, Nairobi na Minneapolis ni njia nzuri ya kukaa baraza moja. Mshika kamusi anataja neno kundini, watu wanamtumia uongo wao faraghani, naye anazipandisha zote kwa namba katika ujumbe mmoja alioupiga chapa upya mwenyewe, ili herufi kubwa, nukta na vifupisho vya mtu visimtaje. Muda uwe wa saa chache kwa sababu ya tofauti za majira. Usitumie kura ya WhatsApp yenyewe: kwa kawaida inaonyesha nani amechagua nini kabla wengine hawajapiga, na kundi zima linahamia upande mmoja. Kura nazo zitumwe faraghani. Na kwa kuwa kila mchezaji ana simu mkononi, mshika kamusi alitafute neno lake mtandaoni kwanza. Likijitokeza na maana yake papo hapo, alitafute jingine.